Kuuza Nyumba Mtwara: Dhana Zinazowagharimu Wauzaji

Wauzaji wengi wa Mtwara mjini huanza na bei ya kichwani, ile iliyovuma enzi za msisimko wa gesi asilia. Bei hiyo haina mnunuzi leo. Ulizia nyumba zilizouzwa kweli mtaani kwako, si zile zinazotangazwa, kisha mwite mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake utaihitaji hata wakati wa uhamisho.

Dhana inayoumiza zaidi ni kwamba mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa umemaliza kazi. Kwa nyumba yenye hati, muhuri huo hauhamishi umiliki. Lipa kwanza pango la ardhi unalodaiwa, wakili aandae fomu za uhamisho, ombeni kibali cha uhamisho, lipa Mamlaka ya Mapato (TRA) kodi ya ongezeko la mtaji, ndipo Msajili wa Hati aandike jina jipya. Kodi hiyo hutozwa kwenye faida, asilimia 10 kwa mkazi, kwa hiyo tunza risiti za saruji, mabati na fundi. Bila risiti, utathibitishaje ulichotumia?

"Hati ina jina langu peke yangu" nayo haitoshi. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Ya urithi inataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kikao cha ukoo tu.

Kupaka rangi juu ya ukuta wa nyumba ya Shangani, mtaa wa ufukweni Mtwara, unaomomonyoka kwa chumvi ni kutupa pesa. Kwangua plasta iliyolegea, ziba unyevu unakoingilia, piga plasta upya, iache ikauke wiki nne, ndipo upake.