Somo: Kutengeneza lupu za ngoma kwa kontrola ya DJ, kuanzia pigo moja hadi baa nne

Ma-DJ wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe wanazitumia pedi za kontrola kupigia honi na ving'ora kwenye send-off, basi. Pedi hizo hizo nane zinatosha kupiga ngoma kamili, na lupu (kipande kifupi cha ngoma kinachojirudia) uliyoipiga kwa mikono yako hakuna DJ mwingine atakayekuwa nayo. Somo hili linatumia programu mbili za bure: Mixxx ya kupigia na Audacity ya kukatia. Mwenye rekordbox, Serato au VirtualDJ afuate hatua hizi hizi. Kinachobadilika ni majina ya vitufe.

Jambo moja liwe kichwani tangu mwanzo: ubora wa lupu uko kwenye mshono, pale mwisho unapokutana na mwanzo. Kontrola ya bei ghali haiwezi kuuficha mshono mbaya.

Vifaa. Kontrola yenye pedi na sampla, yaani sehemu inayocheza sauti fupi ukigonga pedi (DDJ-400 au DDJ-FLX4 zinatosha kabisa), kompyuta, na hedifoni za waya. Za Bluetooth ziache, zinachelewesha sauti kiasi cha kuharibu kila pigo.

Hatua ya 1: Andaa mapigo. Unahitaji kiki (ile ngoma ya besi), snea, haihati iliyofungwa, haihati iliyofunguliwa, kayamba, na pigo moja au mawili ya ngoma ya asili. Hizi za mwisho msizidharau. Pigo zito la lizombe ya Wangoni au la mganda wa kule Ziwa Nyasa likikaa chini ya kiki ya kompyuta, lupu inapata mwili ambao sauti za kupakua mtandaoni hazina.

Kila pigo liwe na faili lake, WAV, 44,100 Hz, biti 16. Lifungue kwenye Audacity, likuze mpaka uone wimbi linapoanza kupanda, kisha futa ukimya wote ulio mbele yake. Milisekunde 15 za ukimya huzisikii ukicheza faili peke yake, lakini kwenye pedi kila pigo litaingia limechelewa na utadhani mkono wako ndio mzito. Mwisho wa pigo usiukate kwa haraka. Acha mwangwi ufifie wenyewe. Kilele cha sauti kiishie kwenye -6 dB, maana mapigo mawili yakigongana pamoja sauti hujumlishwa, na taa nyekundu ikiwaka kwenye rekodi hakuna dawa yake baadaye.

Usitumie MP3 hapa. Usimbaji wake huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili, na huo peke yake unatosha kuharibu mshono.

Hatua ya 2: Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa. Ikiwa kubwa, sauti huchelewa. Kwenye mipangilio ya sauti ya Mixxx chagua 44,100 Hz, halafu shusha bafa mpaka karibu milisekunde 3. Sauti ikianza kukwaruza, panda hadi karibu 6. Ikifika 11 au 12 vidole vitaanza kuhisi pengo kati ya kugusa na kusikia. Kwenye Windows tumia dereva wa ASIO, unapunguza kuchelewa kwa sauti.

Hatua ya 3: Tengeneza mlio wa kuhesabia. Audacity ina kifaa cha kutengeneza mlio wa mdundo kwenye menyu ya kuzalisha sauti. Weka BPM (midundo kwa dakika) 100, midundo 4 kwa baa, baa 24, uhifadhi kama WAV. Upakie kwenye deki 1, bonyeza kitufe cha hedifoni, shusha kitelezi cha sauti cha deki hiyo. Sasa wewe unausikia masikioni lakini rekodi haiuchukui. Hakikisha kitelezi cha tempo kiko sifuri na SYNC (kitufe cha kulinganisha tempo) imezimwa. Tempo ikisogea hata nukta chache, mlio si wa 100 tena na hesabu zote zinazofuata zitakataa.

Hatua ya 4: Piga na kurekodi. Pakia mapigo kwenye sampla, weka pedi kwenye SAMPLER. Rekodi kila chombo peke yake: kiki mara moja, snea mara moja, haihati mara moja. Kuvipiga vyote kwa mkupuo kunavutia, ila snea ikizidi sauti huwezi tena kuipunguza bila kuigusa kiki.

Utaratibu ni huu kwa kila chombo. Pandisha kitelezi cha deki 1, anza kurekodi, kisha cheza mlio tangu mwanzo. Baa ya kwanza yote mlio usikike kwenye rekodi. Hiyo ndiyo alama yako. Kabla baa ya pili haijaingia, shusha kitelezi hadi chini, uanze kupiga. Piga baa 8 mfululizo, yaani baa ya 2 hadi ya 9, ukirudia mpangilio wako wa baa 4 mara mbili, kisha simamisha.

Kwa mwanzo jaribu kiki kwenye moja na tatu, snea kwenye mbili na nne. Kayamba ifuate mtindo wa tatu-tatu-mbili: gawa nusu baa vipande 8, gonga cha 1, cha 4 na cha 7. Hapo lupu inaanza kucheza badala ya kutembea.

Hatua ya 5: Kukata. Hapa ndipo somo lilipo. Kwa BPM 100 mdundo mmoja ni sekunde 0.6, baa ni sekunde 2.4, baa nne ni sekunde 9.6. Kwa 44,100 Hz, yaani sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kila sekunde, hizo ni sampuli 423,360 kamili, bila sehemu.

Fungua rekodi kwenye Audacity. Tafuta mwanzo wa mlio wa kwanza kabisa, futa kila kilicho kabla yake. Sasa baa ya 6 inaanza sekunde ya 12 kamili, yaani sampuli 529,200. Kwenye upau wa uteuzi chagua mwanzo na urefu, vipimo viwe sampuli: mwanzo 529,200, urefu 423,360. Bonyeza Ctrl+T kubakiza kipande hicho, kisogeze kianzie sifuri, hifadhi.

Kwa nini baa ya 6 na si ya 2? Kwa sababu mkia wa pigo la mwisho la baa ya 5 unaingia ndani ya baa ya 6, sawasawa na mkia wa baa ya 9 utakavyoingia mwanzoni lupu ikijirudia. Ukikata baa ya 2 hadi ya 5 mwanzo wake ni mkavu, na kila mzunguko utasikia kama kwikwi.

Ukikuta mapigo yote yamechelewa kwa milisekunde 10 hivi, usipige upya. Anza kukata sampuli 441 mbele zaidi. Mwishoni fifisha milisekunde 3 za mwisho ili kusiwe na mlio wa "tk". Mwanzoni usififishe kitu, utaiua kiki.

Hatua ya 6: Kutumia. Faili zako tatu au nne zina urefu mmoja. Zipakie kwenye sampla kama lupu, andika BPM 100 mwenyewe (programu mara nyingi husoma lupu fupi kama 50 au 200), washa SYNC. Ukibadilisha tempo, zima kile kitufe cha kushikilia ufunguo wa sauti (keylock), maana kinatia ukungu kwenye mapigo. Kwa amapiano ya BPM 112, baa nne ni sampuli 378,000, na baa ya 6 inaanza sampuli 472,500.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mafinga: Mkuu, lupu yangu inaanza vizuri, baada ya dakika moja imeachana na wimbo. Tatizo nini?

Urefu, mkuu. Lupu ya baa nne ikizidi kwa milisekunde 10 tu, mizunguko 20 imekupeleka milisekunde 200, theluthi ya mdundo kwa BPM 100. Hesabu sampuli zake upya. Kama ziko sawa, angalia wimbo wenyewe: nyimbo za zamani za bendi zilipigwa na watu bila mlio wa kuhesabia, tempo inapanda na kushuka. Hizo lupu haiwezi kuzifuata muda mrefu, ipe baa 8 kisha itoe.

Kutoka Tukuyu: Nataka kurekodi ngoma ya babu kwa simu, ila mvua haikatiki na nyumba ni ya bati. Nifanyeje?

Subiri mvua ipite, mdogo wangu. Kelele ya bati haisafishiki bila kuharibu pigo. Unyevu pia unalegeza ngozi, kwa hiyo muombe babu aipashe moto kwanza kama anavyofanya siku zote. Weka simu mita moja kutoka kwenye ngoma, pembeni kidogo, tundika blanketi ukutani. Tumia programu ya kurekodi WAV inayokuruhusu kuzima upandishaji sauti wa moja kwa moja. Rekodi mapigo moja moja, mazito na mepesi, kama 10 ya kila aina. Mapigo yanayofanana kabisa yanasikika kama mashine.

Kutoka Iringa mjini: Ngoma za kwetu haziendi moja-mbili-tatu-nne. Gridi (mistari ya midundo kwenye programu) inakataa.

Gridi haikatai, dada. Ngoma nyingi za asili zinagawa kila mdundo vipande vitatu, jumla 12 kwa baa, lakini midundo mikubwa bado ni minne. Urefu wa lupu haubadiliki. Badilisha mkono: piga vitatu kila mlio mmoja.

Kutoka Mwanjelwa: Programu yangu haina sampla, ina HOT CUE (alama za kurukia ndani ya faili) tu.

Inawezekana. Panga mapigo 8 ndani ya faili moja la WAV, ukiacha sekunde 3 za ukimya baada ya kila pigo. Weka HOT CUE mwanzo wa kila moja. Zima kwantaizi, la sivyo programu itaruka kwenye gridi badala ya kidole chako. Deki inatoa sauti moja kwa wakati, kwa hiyo haihati itaikata kiki, lakini kwa kuwa tunarekodi kila chombo peke yake hilo halikuzuii.

Kutoka Makambako: Nikikata ngoma kwenye wimbo wa msanii nikaitumia kwenye biti ninayouza?

Hapo unahitaji ruhusa ya wenye haki, kipande kiwe kifupi au kirefu. COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) ndio wa kuuliza utaratibu.