Somo: Sarafu yako ina kasoro ya kiwandani, au imeumia tu?

Wiki hii nimeletewa sarafu tatu "za makosa". Mbili ziligongwa nyundo, ya tatu ilibanwa kwenye jiliwa. Basi tuanze mwanzo.

Hatua ya 1. Usiisafishe. Naanza hapa kwa sababu limenigharimu. Sarafu yangu ya kwanza ya pesa moja, ya 1888, ile ya shaba yenye mizani iliyotolewa na kampuni ya Waingereza kwa ajili ya Mombasa, niliiloweka ukwaju kama nyanya alivyofanya sinia zake. Ikatoka nyekundu kama ya jana. Mnunuzi pale Mji wa Kale aliigeuza mara moja, akanirudishia, akaagiza kahawa. Rangi ya miaka ikishang'oka hairudi.

Hatua ya 2. Ishike ukingoni, sogea dirishani, iinamishe polepole chini ya kioo cha kukuzia. Jiulize: madini yamekwenda wapi? Muhuri unaopiga chapa ukipasuka kiwandani, madini huingia kwenye ufa wake, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa funguo ni mtaro ulioshuka, kandokando madini yamejikunja kama udongo uliopitiwa na jembe.

Hatua ya 3. Tundu. Ndururu (senti tano) na peni (senti kumi) za Afrika Mashariki zilitobolewa kabla ya kupigwa chapa. Tundu likienda kando hadi kula herufi, hiyo ni kasoro ya kweli. Lakini shilingi ya simba yenye tundu juu ya kichwa cha mfalme ilitobolewa na sonara ili mtoto aivae. Shingoni inapendeza, kwa mkusanyaji imebaki thamani ya madini ya fedha tu, na shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya madini hayo.

Hatua ya 4. Ukingo ukikosa kipande, tazama upande wa pili, mkabala na pengo. Kikikosekana kiwandani, mara nyingi ukingo huo hutoka hafifu. Ukiwa imara kabisa, shuku kwamba kipande kiliondolewa kwa tupa.

Hatua ya 5. Omba mizani ya sonara. Shilingi hiyo ya fedha hukaribia gramu 7.8.

Bei ni mazungumzo. Kasoro ndogo kwenye sarafu iliyolika hadi simba hana manyoya haimvuti mtu.

Maswali ya wanachama

Likoni: Mwalimu, nina peni ya 1936 haina kichwa cha mfalme. Walisahau?
Jibu: La, ndugu yangu. Katikati pana tundu, kichwa kingekaa wapi? Soma jina. Likiwa la Edward wa Nane, ni yule aliyeacha kiti cha ufalme Desemba mwaka huohuo. Hadithi tamu, lakini zilipigwa nyingi mno. Usiuzie shamba ndoto hiyo.

Kisauni: Shikamoo. Kijana ameniuzia shilingi yenye kichwa cha Mzee Kenyatta pande zote mbili.
Jibu: Marahaba. Karibu zote za namna hiyo ni sarafu mbili zilizochongwa zikaunganishwa. Tafuta mstari mwembamba ndani kidogo ya ukingo, kisha ipime. Na huyo kijana mtafute leo, si kesho.

Nyali: Senti zangu za shaba zinatoa unga wa kijani.
Jibu: Zitenge na nyingine haraka. Hewa yetu ya chumvi huuchochea unga huo. Ziweke kwenye mkebe unaofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.