Namna ya Kusoma Mita ya Umeme kwa Modbus TCP

Modbus, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya vifaa vya kiwandani, ilibuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, wakati vifaa vya kiwandani vilipozungumza kwa nyaya za mfululizo, na Modbus TCP ni itifaki hiyohiyo inayosafirishwa juu ya Etheneti. Ningependa kila fundi aanzie hapa kabla ya kugusa itifaki nyingine za kiwandani kama PROFINET au EtherNet/IP, kwa sababu ujumbe wake ni mfupi kiasi cha kusomeka kwa macho, baiti kwa baiti.

Anza na mtandao wenyewe. Ikiwa mita ina anwani ya 192.168.1.20, ipe kompyuta yako anwani ya 192.168.1.50 yenye maski ya 255.255.255.0, kisha uipigie ping, yaani uitumie ujumbe mfupi kuona kama inajibu. Mita ikijibu, hakikisha kwamba inapokea pia miunganisho ya TCP kwenye poti 502, mlango wa mtandao unaotumiwa na Modbus TCP.

Sasa fungua jedwali la rejista (visanduku vya kumbukumbu ambamo mita huhifadhi vipimo) katika kitabu cha mita, maana hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme volti imeandikwa katika rejista 40001 kama namba ya desimali ya biti 32. Tarakimu 4 ya mwanzo hutaja aina ya rejista tu, na hesabu ndani ya ujumbe huanzia sifuri, kwa hiyo 40001, yaani rejista ya 1, hutolewa moja na kutumwa kama 0000. Vitabu vingine vimekwisha kuitoa hiyo moja, vingine havijaitoa. Jaribu anwani zote mbili. Kwa kuwa rejista moja hubeba biti 16, utaomba rejista mbili, kwa ombi la baiti 12 katika heksadesimali (namba za msingi wa 16):

00 01 00 00 00 06 01 03 00 00 00 02

Baiti mbili za kwanza ni namba ya ombi, mbili zinazofuata huwa sifuri daima, na 00 06 ni idadi ya baiti zilizobaki. Kisha huja namba ya kifaa, 01, na amri 03 ya kusoma, halafu anwani na idadi ya rejista.

Jibu likiishia na 04 43 66 80 00, hiyo 04 ni idadi ya baiti za data, na 43 66 80 00 ni volti 230.5. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikibadilisha kebo na swichi kwa sababu skrini ilionyesha 0, kumbe programu yangu ilisoma 80 00 43 66, yaani rejista mbili zilizopinduliwa, ambazo hutoa namba ndogo mno iliyokaribia sifuri. Badilisha mpangilio huo kwenye programu kabla ya kushika bisibisi.

Ukipata 83 02 mahali pa data, mawasiliano ni mazima. Mita inakueleza kwamba anwani uliyoomba haipo.

Modbus TCP ya kawaida haina nywila, na yeyote anayeifikia poti 502 anaweza kutuma amri 06 ya kuandika rejista kama wewe unavyosoma, kwa hiyo tenga mtandao wa mita na PLC (kompyuta ya kudhibiti mitambo) mbali na ule wa ofisi kabla hujafunga paneli.