Kabla ya Kununua Jiko la Wali la Bei ya Juu

Mtu anayetaka kununua jiko la umeme la kupikia wali la bei ya juu kwa kawaida huanza kwa kuhesabu vitufe vyake, na kwa maoni yangu hapo ndipo anapopotea. Aanze kwa kuuangalia mchele anaoupika, kisha ajiulize wali wake huliwa papo hapo au hukaa jikoni saa nyingi, kwa sababu majibu hayo mawili yatamwongoza vizuri kuliko maelezo yoyote yaliyoandikwa kwenye boksi.

Ili kujua unalipia nini, ni lazima kwanza uelewe jinsi jiko la kawaida lenye swichi moja linavyofanya kazi. Chini ya sufuria yake ya ndani pana bamba la moto, na katikati ya bamba hilo pana kitufe chenye springi kinachogusa kitako cha sufuria. Maadamu maji bado yamo, joto la kitako haliwezi kupita sana nyuzijoto 100, kwa kuwa moto unaoongezwa huishia kuyageuza maji kuwa mvuke. Maji yanapokwisha kunywewa na mchele, joto hupanda ghafla, sumaku iliyomo ndani ya kitufe hupoteza nguvu yake ya kuvuta, na springi huirudisha swichi juu. Jiko hilo halijui kama umepika mchele wa aina gani wala kama wali umeiva. Linachojua ni kwamba maji yamekwisha. Jiko la kujizima ambalo kampuni ya Toshiba ilianza kuliuza nchini Japani mwaka 1955 lilitegemea wazo la namna hiyohiyo, ila maji yaliyopimwa yalimiminwa katika sufuria ya nje, na yalipokauka umeme ulikatika. Wazo hilo bado linapika wali mzuri sana, jambo ambalo wauzaji hawana haja ya kukukumbusha.

Majiko ya bei ya kati yana kompyuta ndogo inayopima joto mara kwa mara na kupunguza au kuongeza moto: huuloweka mchele kwanza katika maji ya uvuguvugu, hupandisha moto, hutuliza mchemko, kisha huuacha wali utulie. Majiko ya bei ya juu huongeza koili za umeme zinazoifanya sufuria yenyewe ipate moto chini na ubavuni kwa nguvu ya sumaku, badala ya kupokea moto kutoka kwenye bamba la chini peke yake. Mengine huongeza mgandamizo wa mvuke, hata maji yakachemka karibu na nyuzijoto 105.

Je, tofauti hiyo huonekana katika sahani? Inategemea mchele. Mchele mfupi na mnene, ule unaotakiwa ushikamane bila kuwa bokoboko, hufaidika sana na kulowekwa kwa kipimo na moto wa pande zote, na mlaji aliyeuzoea hutambua tofauti hiyo bila kuambiwa. Mchele usiokobolewa hufaidika zaidi, kwa kuwa ganda lake la pumba huchelewesha maji kuingia ndani, na mgandamizo husaidia kulilainisha kabla punje hazijapasuka. Lakini kama unapika mchele mrefu na unataka wali unaochambuka, sioni sababu ya kulipa bei ya juu. Mchele wa namna hiyo hauhitaji uangalizi wa dakika kwa dakika. Unahitaji maji sahihi na kifuniko kisichofunuliwafunuliwa. Isitoshe, anayependa ukoko huenda akasikitika, kwani jiko lenye kompyuta limetengenezwa makusudi ili kuuepuka, isipokuwa lile lenye mpango maalumu wa kuutengeneza.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio kwa muda wa wiki moja ukitumia chombo ulicho nacho. Osha mchele mpaka maji yapungue weupe, uloweke kwa nusu saa, upime maji kwa kikombe kilekile kila siku, na wali ukiisha kuiva uuache umefunikwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuupakua. Kumbuka pia kwamba mchele hunywa maji yanayokaribia ujazo wake wenyewe, na yanayozidi hapo ni fidia ya yale yanayopotea kwa mvuke. Ndiyo maana ukiongeza mchele maradufu hupaswi kuongeza maji maradufu. Watu wengi wanaolilaumu jiko lao, ukichunguza, kosa lao liko hapa. Ikiwa baada ya wiki hiyo wali bado haukuridhishi, na mchele wako ni wa mojawapo ya zile aina mbili nilizozitaja kwanza, nunua jiko bora kwa moyo mweupe.

Sababu nyingine ya haki ni kuhifadhi wali. Vijidudu vinavyoitwa Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili mchemko, na wali ukiachwa katika joto la kawaida la chumba, mbegu hizo huota na vijidudu hutoa sumu; wali unaosubiri walaji unapaswa kukaa juu ya nyuzijoto 60. Jiko rahisi huweza kufanya hivyo, lakini wali wake hukauka pembeni na kugeuka rangi mapema, ilhali jiko zuri lenye kifuniko kinachobana huuhifadhi ukiwa na unyevu kwa muda mrefu zaidi. Nyumba ambayo watu hurudi kwa nyakati tofauti itanufaika. Nyumba inayokula pamoja na kuweka mabaki kwenye jokofu haitapata chochote hapo.

Kuhusu muda, wanunuzi wengi hushangaa. Jiko rahisi humaliza kazi kwa takriban nusu saa, ilhali jiko la gharama mara nyingi huchukua dakika 45 hadi 60 kwa mchele mweupe, kwa kuwa kuloweka na kutuliza vimo ndani ya mpango wake. Anayenunua ili apike haraka ataudhika siku ya kwanza.

Ukiamua kununua, chagua ukubwa kwa uangalifu. Ujazo wa majiko haya mara nyingi huhesabiwa kwa kikombe cha mililita 180 za mchele mkavu, si wali, na sufuria ya vikombe 10 hupika vibaya kikombe kimoja. Hakikisha volti ya jiko inalingana na ya umeme wa nyumbani kwako. Majiko yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ukiyachomeka katika volti 230 yataungua. Mwisho, muulize muuzaji kama sufuria ya ndani huuzwa peke yake, kwa sababu utando wake usionata ndio huchakaa kwanza, na jiko la kompyuta lisilo na sufuria ya kubadilisha hubaki kuwa pambo la gharama juu ya kabati.