Namna ya Kusoma Utabiri wa Siku Mbili wa Hali ya Hewa ya Marekani

Muhtasari wa utabiri wa siku mbili unaotolewa na Kituo cha Utabiri wa Hali ya Hewa kilichoko College Park, Maryland, huieleza Marekani nzima kwa aya chache: huku mvua, kule theluji ya milimani, kwingine radi kali. Unamfaa sana mwenye safari, mradi asianze na rangi za ramani bali aanze na saa.

Saa zake huandikwa kwa UTC, yaani saa moja ya pamoja inayotumika duniani kote, tarakimu zikifuatwa na herufi Z. Katika majira ya baridi, 12Z ni saa 1 asubuhi mjini New York na saa 10 alfajiri mjini Los Angeles. Kwa hiyo 00Z ya Jumatano, kwa mkazi wa New York, bado ni saa 1 jioni ya Jumanne. Asiyelijua hilo hujiandaa kwa siku isiyo yenyewe.

Kisha tafuta kimo cha theluji, yaani mwinuko ambao juu yake huanguka theluji na chini yake mvua. Barabara kuu ya I-80 huondoka Sacramento, California, karibu na usawa wa bahari, ikapanda milima ya Sierra Nevada hadi zaidi ya futi 7,000 katika eneo la Donner. Kimo kikitajwa kuwa futi 5,000, dereva anayeondoka mjini katika mvua ya kawaida atakuta theluji barabarani kabla hajafika juu. Tena hewa baridi inapoingia kimo hicho hushuka, na sehemu iliyokuwa imelowa tu mchana huweza kufunikwa jioni. Binafsi naona hili ndilo jambo la kusomwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloamua kama utaondoka mapema, utabeba minyororo ya magurudumu, au utaahirisha safari.

Hatari ya radi kali hupangwa kwa ngazi tano na kituo cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma. Ya mvua kubwa ina ngazi nne. Usiidharau ngazi ya pili kutoka chini. Kwa mvua, ina maana kwamba uwezekano wa mvua kuvuka kiwango cha kuleta mafuriko ya ghafla, ndani ya kilomita 40 kutoka mahali ulipo, ni angalau asilimia 15, na anayeishi chini ya mlima ulioungua kwa moto wa nyika ana sababu ya kuhofu hata mvua ndogo kuliko hiyo.

Mwisho, tofautisha angalizo na onyo. Angalizo husema mazingira yanaruhusu dhoruba kutokea. Onyo husema dhoruba imeanza au imekaribia. Onyo la tornado, yaani upepo mkali unaozunguka kama mnara, likitolewa, ingia mara moja katika chumba cha chini kabisa, mbali na madirisha, na usilale ukiwa umezima sauti ya tahadhari za simu.