Jinsi ya kuwasilisha pingamizi kabla ghorofa haijaota jirani: Ngara, Pangani na Eastleigh

Nyumba za zamani za Ngara, Nairobi, zile za vigae na baraza pana, zinabomolewa moja baada ya nyingine. Palipokaa familia mbili panainuka jumba la mamia ya watu, na barabara iliyo mbele yake haijapanuka hata futi moja. Sheria ya Kenya ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inampa mwananchi nafasi ya kusema neno kabla kibali hakijatolewa. Nafasi hiyo ni fupi, kwa kawaida siku 14 tangu tangazo litoke, kwa hivyo usingoje mkutano wa mtaa wa mwisho wa mwezi.

Anza na tangazo lenyewe. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ploti, tuseme kutoka nyumba ya familia moja hadi flati, hutakiwa kuutangazia umma, na kwa kawaida hufanya hivyo gazetini na kwa ubao kwenye ploti. Ubao ndio wa kutafutwa. Wa hapa kwetu ulipigiliwa kwenye mabati nyuma ya mti, na baada ya siku tatu nusu yake ilikuwa imefunikwa na bango la vyumba vya kukodisha. Upige picha siku hiyo hiyo unapouona. Nakili namba ya ploti polepole: nyingi za Ngara na Pangani huanza na 209, za Eastleigh 36. Ukikosea tarakimu moja, barua yako itaingia faili ya ploti nyingine.

Kisha andika barua kwa afisi iliyotajwa kwenye tangazo. Wapangaji wengi hunyamaza wakidhani pingamizi ni la mwenye hatimiliki. Si hivyo. Sheria inaalika umma, na mpangaji wa chumba kimoja ni umma.

Barua nyingi hufia kwenye sababu. "Tutakosa utulivu" haimpi afisa wa mipango kitu cha kushika. Mpe kinachopimika. Azima tepu ya fundi, pima barabara kutoka ukingo hadi ukingo, uandike kama lori la zimamoto litapita magari yakiwa yameegeshwa. Andika siku ambazo maji ya mfereji hufika na siku yanapokatika. Mfano mzuri ni huu: "Shimo la majitaka lililo mbele ya lango letu lilifurika tarehe 3 na tarehe 17 mwezi huu, picha zimeambatishwa." Mistari kama hiyo miwili ina uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko. Majirani wanaokubaliana nawe waweke majina, namba za kitambulisho na sahihi.

Chapisha nakala mbili uzipeleke City Hall, makao ya serikali ya kaunti, wewe mwenyewe. Moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke dirishani bila muhuri huo, hata ukiambiwa urudi kesho. Bila huo huna ushahidi kwamba uliandika ndani ya siku 14.

Baada ya hapo fuatilia kila wiki, kwa sababu ombi la mwenye ploti lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria hulihesabu kuwa limekubaliwa. Uamuzi ukikuumiza, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango ya ardhi, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14. Usiporidhika hapo, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kufikia hatua hiyo tafuteni wakili, mchangie gharama pamoja.

Na tingatinga likifika kabla ya uamuzi, piga picha, rudi City Hall na ile nakala yenye muhuri, uombe kwa maandishi kwamba ujenzi usimamishwe. Barua hiyo nayo igongwe muhuri.