Kushukuru watu mwaka mzima: mwongozo wa mhazini wa kamati

Kwenye kamati za harusi na misiba, daftari huwa linaishia mikononi mwangu. Ninachokiona humo ni kwamba tunashukuru kwa kishindo siku moja, spika zikiwa zimefunguliwa, kisha tunanyamaza mpaka tuhitaji mchango mwingine. Ndipo mtu anauliza, "Mbona siku hizi ukinipigia ni kadi tu?" Njia ninayoifuata kuepuka swali hilo ni hii.

Hatua ya 1: Toa hesabu

Kama watu walikuchangia, anzia hapa, usiruke. Mchangiaji anashukuriwa kwanza kwa kuambiwa pesa yake ilikwenda wapi. Ndani ya wiki moja baada ya kuvunja kamati au kuanua tanga, tuma mapato na matumizi: chakula, usafiri, ukumbi, au jeneza kama ni msiba, na kilichobaki. Limebaki deni? Liandike vilevile. Aliyetoa elfu tano asome ukurasa uleule anaosoma aliyetoa laki mbili. Nimeona watu wakiandikiwa maneno matamu bila hesabu, na safari iliyofuata hawakutoa hata mia.

Hatua ya 2: Ongeza safu ya "alifanya nini"

Orodha ya michango inakumbuka pesa tu. Andika na wale ambao hawamo: jirani aliyelaza wageni wako, kijana aliyefuata turubai usiku, shangazi aliyekesha jikoni, yule aliyepeleka uji wodini kila asubuhi. Pitia jumbe za M-Pesa na picha za siku ile, zitakukumbusha sura. Fanya mapema, majina hupotea haraka. Halafu ongeza watu wa kila siku: mwalimu wa mtoto, dada wa kazi, mlinzi, bodaboda wako, muuguzi wa kliniki.

Hatua ya 3: Wagawe kwa miezi

Desemba kila mtu anatuma salamu, ya kwako itazama humo. Mpe kila mmoja mwezi unaomfaa yeye. Mjomba mwenye watoto wengi shuleni atafurahia zaidi dazeni ya madaftari Januari kuliko kuku wa Krismasi. Jirani Mwislamu mpelekee tende au kaimati Ramadhani, na ikiwa sahani yake iko kwako, isirudi tupu. Ramadhani huwahi kwa kama siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usiiandikie tarehe moja ya kudumu. Tarehe zisizohama zipo: 1 Mei wafanyakazi, 12 Mei wauguzi, 5 Oktoba walimu. Majina mawili matatu kwa mwezi yanatosha. Ukijipa kumi utaacha Machi.

Hatua ya 4: Taja jambo lenyewe

"Asante kwa yote" inaweza kutumwa kwa mtu yeyote. Andika hivi:

"Shikamoo mama. Nimekumbuka ulivyokaa na watoto wakati mama yao amelazwa. Walikula, wakaenda shule, nami nikaweza kushinda hospitali. Nashukuru sana."

Kwa mtu mzima ujumbe hautoshi. Mpigie, au bora uende. Na siku hiyo usiwe na shida ya kueleza: kama unataka kukopa au unatafutia mtoto kazi, ipeleke wiki nyingine, la sivyo shukrani yote itasomeka kama utangulizi.

Ukipeleka kanga, soma jina lake kabla ya kulipa. "Nani kama mama" haina shida. "Hasidi hana sababu" ukimpelekea shemeji, utaitwa kwenye kikao cha familia. Ukikosa hela ya doti, kilo mbili za sukari zinapokelewa kila nyumba.

Hatua ya 5: Anayekufanyia kazi, mlipe kwa wakati

Hapa sina maneno mengi. Zawadi kwa dada wa kazi ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita bado uko mfukoni mwako ni kejeli.

Hatua ya 6: Usikimbilie kulipa

Kwenye michango ya harusi tunarudishiana, na huo ni utaratibu unaojulikana. Lakini jirani aliyekukimbizia mgonjwa hospitali usiku wa manane, usimtumie elfu kumi asubuhi yake. Mafuta ya gari mrudishie, hayo ni haki yake. Zaidi ya hapo ataona unataka kufunga hesabu naye. Ngoja apate wageni, uende ukamenye vitunguu.

Hatua ya 7: Weka tiki na tarehe

Kila ukimaliza jina, andika ulichofanya. Mwaka unaofuata orodha ibaki, namna ibadilike: aliyepigiwa simu atembelewe, na aliyetembelewa, mtume mwanao akamwamkie na ajieleze mwenyewe ni mtoto wa nani na amekuja kwa sababu gani.